Zilipendwa na Nani? Juu ya Maneno ya Wasikilizaji wa Muziki wa Njombe na Makambako
Neno zilipendwa limezoeleka katika lugha yetu hata hatulitazami tena. Kila mtu aliyekua karibu na redio ya Tanzania anajua kuwa ni jina la nyimbo za dansi za zamani. Lakini mwanafunzi wa sarufi akilichunguza ataona jambo la ajabu. Kwa umbo lake neno hili si jina hata kidogo. Ni sentensi nzima, yenye kiambishi kisimamacho mahali pa nyimbo, kiambishi cha wakati uliopita, na kauli ya kutendwa. Kwa kanuni tungalitazamia nyimbo zilizopendwa. Matumizi yamedondosha nyimbo, yakadondosha na kirejeshi, yakabakiza neno moja lililo tayari kuchukua kazi ya jina. Na katika kufupishwa huko mtu mmoja amefichwa, naye ni yule aliyependa. Zilipendwa na nani? Kwa sababu gani? Tena, je, hazipendwi leo?

Nataka kuyachukua maswali haya mpaka Makambako na Njombe, na msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini huko. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapo. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni hapo. Na barabara ya Songea hugawanyika hapo na kupita Njombe, mji ulio kiasi cha kilomita 60 upande wa kusini, katika nchi ya baridi ya Wabena. Ngoma za Wabena zina historia yake, nami sizisemi katika makala haya. Nasema juu ya muziki wa dansi na watoto wake. Bendi kubwa zilikuwa na makao yao Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na Tabora. Mtu wa Njombe hakuweza kwenda kuzitazama kila Jumamosi. Alizipata kwa redio, kwa santuri na kwa kanda. Alikuwa msikilizaji kabla ya kuwa mchezaji. Kwa hiyo alipotaka kumwonjesha mwenzake kitu alichokipenda, ilimlazimu kutafuta maneno. Maneno hayo ndiyo ninayoyatafuta.

Katika elimu yetu ya Kiswahili msikilizaji hakupewa kiti. Mwimbaji alipewa mapema. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, na miaka 30 baadaye, 1958, wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapwa kwa uangalizi wa Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Hiyo ilikuwa heshima kubwa, nayo ilistahili. Lakini tangu siku zile desturi yetu imekuwa kuuchukua wimbo, kuyaandika maneno yake kwenye karatasi, kisha kuyahakiki kana kwamba ni shairi ambalo halikupata kuimbwa. Ala huachwa nje, na wasikilizaji huachwa nje pamoja nazo. Hata neno santuri lingeweza kutuonya. Asili yake ni jina la ala ya nyuzi ya Waajemi na Waarabu; kwetu likaja kutaja mashine inayoimba, kisha bamba linalochezwa juu ya mashine hiyo. Lugha yenyewe ilikumbuka kuwa jambo linaanza na mlio.

Tena santuri haikuwa chombo kisicho na nguvu. Wimbo wa dansi ukumbini ulizidi kwa urefu nafasi ya upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilikatwa, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Aghalabu upande wa kwanza ulibeba hadithi na maneno, na upande wa pili ukabeba chemko, yaani pale sauti za waimbaji zinapopungua, magitaa yanapojibizana na mwendo kupanda. Aliyeigeuza santuri kila mara alitoa hukumu kwa mkono wake: kwake wimbo haukuisha maneno yalipokwisha. Aliyeiacha bila kuigeuza naye alitoa hukumu. Hapo pana somo kwa sisi tunaohakiki upande mmoja tu.

Je, albamu? Neno hili ni geni, na kitu chenyewe kilichelewa kufika. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, alijulikana zaidi kwa nyimbo mojamoja. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa katika santuri ndefu zilizopewa jina la Ukumbusho. Mpangilio wa wimbo upi utangulie na upi ufuate ulikuwa basi kazi ya mkusanyaji. Msikilizaji wa Njombe aliyerekodi kutoka redioni, kidole juu ya kitufe, alifanya kazi ya namna ileile. Kanda ya dakika 60 ilimtaka achague, apange, na aamue kitakachofungua upande wa pili. Kanda ya namna hiyo ilikuwa albamu isiyo na mchapaji, na aliyempa mwenzake alikuwa amempa maoni yake yote kwa mara moja.

Hapana budi nitaje namna nyingine ya kushirikiana, iliyo mashuhuri kuliko hii, nayo ni salamu za redioni. Mpenzi wa muziki alijaza kadi, akaandika jina lake na mahali alipo, akataja wimbo anaouomba, kisha akapanga majina ya ndugu, jamaa na marafiki waliotapakaa kutoka mji hata mji. Salamu zina adabu yake na mpangilio wake, nazo zinastahili uchunguzi wa peke yake. Lakini tukizipima kama uhakiki tutaona upungufu uleule wa neno zilipendwa. Majina ni mengi, sababu hakuna. Wimbo unaombwa; haulezwi. Nafasi ya mtangazaji ilikuwa ndogo na kadi ilikuwa fupi, hilo ni kweli. Walakini mazoea ya kadi yaliingia katika maandishi yetu. Hata leo mtu akiandika gazetini juu ya bendi ya zamani, aghalabu hutupa orodha ya wapiga magitaa na waimbaji, mwaka wa kila mmoja kuingia na kutoka, na mwisho hutuambia kuwa nyimbo zilitamba. Zilitamba kwa nini, hatuambiwi.

Katika mazungumzo ya mdomo hali ni tofauti. Nimepata kukaa Makambako nikisubiri basi la Njombe, na kando yangu wazee wawili wakabishana juu ya Msondo na Sikinde. Msomaji anajua kuwa kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina. Msondo ni mtindo wa bendi iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA, ikabadili jina pamoja na chama kuwa JUWATA kisha OTTU, mpaka mtindo ukawa ndio jina la bendi. Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park, iliyoanza 1978, na jina hilo limetoka katika ngoma ya Wazaramo. Nilidhani nitasikia ushabiki wa mpira. Badala yake mmoja alisema kuwa Sikinde hawana haraka: mwimbaji humaliza shauri lake, tarumbeta zikamjibu, ndipo gitaa likaruhusiwa kusema. Mwenziwe akajibu kuwa hiyo ndiyo kasoro yake, kwamba Msondo humwingiza mtu katika chemko kabla hajajua kuwa ameingia. Nikaona kuwa hawa wawili hawakutofautiana juu ya kilichosikika. Walitofautiana juu ya uzuri wake. Huo ni uhakiki kamili. Una maelezo, una kipimo, na unaweza kujibiwa.

Lipo jambo lililo zito zaidi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliyefanya kazi yake Dar es Salaam mpaka kifo chake Desemba 2010, alitoa mwaka 1989 huko Uingereza albamu iitwayo Songs for the Poor Man, pamoja na bendi yake ya Super Matimila. Jina la albamu lilikuwa la Kiingereza na nyimbo za Kiswahili. Wageni waliipokea kama kitu kimoja, na ni haki yao. Lakini wasikilizaji wengi wa hapa walimjua Remmy kwa nyimbo za redioni na za kumbini, na mmoja katika hizo haukuwa wa redioni. Mambo kwa Soksi ulihimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukienea, na redio ya taifa, ambayo siku zile ilikuwa peke yake, ilikataa kuupiga. Ulienea kwa kanda na kwa madansi.

Sasa tuurudie mkoa wetu. Uchunguzi wa taifa wa 2011 na 2012 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI mkoani Njombe kuwa asilimia 14.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, kiwango kilichopita cha mikoa yote ya Tanzania Bara. Sidai kuwa wimbo mmoja ungaliweza kuzuia msiba huo. Mhakiki asiyejua mipaka ya kazi yake hudanganya. Nasema hivi tu: aliyempa mwenzake kanda ile njiani hakumpa kwa kuwa ilipendwa. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilihusu maisha ya mpokeaji. Kuuweka wimbo kama huo katika ghala la zilipendwa, kando ya nyimbo za mapenzi na za harusi, bila kusema nani aliutoa kwa nani na kwa nini, ni kuupoteza huku tukidhani tumeuhifadhi.

Nisije nikawapamba wasikilizaji kupita kiasi. Maneno yao yana ugonjwa wake, nao ni neno ujumbe. Wimbo ukisifiwa, husifiwa kuwa una ujumbe. Ukilaumiwa, hulaumiwa kuwa hauna. Neno hilo limefanywa kupima kila kitu, na kwa hiyo halipimi kitu. Nimesikia vijana wa Njombe wakiitetea albamu ya Professor Jay, Machozi, Jasho na Damu ya 2001, kwa neno hilo moja. Lakini nilipowauliza juu ya Ndio Mzee wakaeleza vizuri zaidi: kwamba mwanasiasa anaahidi na umati unaitikia, na kadiri ahadi zinavyozidi kuwa za ajabu ndivyo mwitikio unavyozidi kuchekesha na kuuma, kwa sababu haubadiliki. Ujumbe haukuwa katika maneno peke yake. Ulikuwa katika mpango wa sauti moja mbele ya sauti nyingi. Vijana walilijua hilo. Walikosa tu mazoea ya kulisema bila kuulizwa.

Siku hizi kanda zimekwisha. Mtu huenda kibandani, akawekewa nyimbo mamia katika simu, bila mpangilio, na mara nyingi bila jina la mtunzi au pengine kwa jina lisilo lake. Sililii kanda, zilikatika, zilijikunja, na sauti ilififia. Simu imewarudishia wengi nyimbo ambazo wazazi wao walizipoteza. Lakini aliyejaza kanda alilazimika kuchagua, na anayejaziwa simu halazimiki. Jina la bendi likipotea, jina la mtindo hupotea nalo. Mtindo ukipotea, ubishi wa wale wazee wawili hauwezi kuanza, maana hapana cha kulinganisha na kingine.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa taaluma. Kamusi zetu zimeshughulika sana na istilahi za fasihi. Istilahi za kusikia muziki bado zimo vinywani: chemko, mtindo, gitaa la solo na la besi, vyombo kujibizana, mwimbaji kumaliza shauri lake. Zikusanywe. Zisikusanywe kama orodha ya maneno matupu, bali pamoja na sentensi zilizosemwa, mji ziliposemwa, na wimbo uliokuwa ukizungumzwa, ili msomaji aweze kuusikiliza na kukubali au kukataa. Kazi hiyo haihitaji mitambo. Inahitaji mtu aketi katika stendi ya Makambako, au katika mkahawa wa Njombe jioni ya baridi, na kila asikiapo kuwa wimbo fulani ulipendwa, aulize kwa upole: ulipendwa na nani, na kwa nini?

Mimi niliwauliza wale wazee. Basi lilikuwa limekwisha kuwasha moto, na bado hawakuwa wamemaliza kunijibu. Tukaendelea njiani mpaka Njombe.