Motere ya diesel mu ndeke kidogo: sifa imepita kipimo

Bandugu, kila mara tukizungumza juu ya motere ya diesel kwa ndeke kidogo, minasikia sifa tu. Leo niseme upande wenye hatusemake.

Kwanza, jina linatupoteza. Ni diesel kwa namna inawaka: hewa inabanwa mpaka inakuwa moto sana, mafuta inaingia, inawaka bila buji. Lakini kwa kawaida mu tanki haba­weke mazutu ya kamio. Banaweka Jet A-1, ndugu ya petroli ya taa. Hapo sifa ni ya haki. Ndeke ya esansi inataka Avgas 100LL, yenye iko na madini ya risasi ndani na ni ngumu kupata huku kwetu. Jet A-1 iko Luano kwa sababu ndeke kubwa zinaitumia. Tena Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi; turbo ya diesel inasaidia motere isipoteze nguvu.

Sasa tuangalie historia. Kampuni Thielert ya Ujerumani ilichukua motere ya gari Mercedes-Benz, ikaigeuza kuwa Centurion 1.7. Boite yake ya gia ilipaswa kutolewa kwa ukaguzi kila saa 300 za kuruka. Mwaka 2008 Thielert ikafilisika. Wenye ndeke wakabaki na garanti bila mwenyewe, na vipuri vya bei kali.

Mbele ya hapo, Machi 2007, kule Speyer, Ujerumani, Diamond DA42 ilikuwa na batri imeisha. Wakawasha motere kwa umeme wa inje, wakaruka. Walipopandisha magurudumu, umeme ukashuka, kompyuta za motere zikazima, na motere zote mbili zikasimama. Baadaye ziliongezwa batri za akiba. Lakini sisi wenye kuishi na kurā ya kukatika kila siku, hiyo habari ingepaswa kutugusa wa kwanza.

Kosa letu, watu wa diplome, ni kuhesabu litre peke yake. Nani huku Lubumbashi atafungua hiyo kompyuta? Boite ikitoka, itaenda inchi gani, na ndeke italala chini miezi ngapi? Litre tunazookoa zitalipa hiyo safari?

Mafuta iko. Fundi je? Wenye mulisoma Polytechnique, mutujibu.