Nanga ya Bukoba: Mizani Iliyomo Katika Mti

Likitajwa neno nanga pale Forodhani, msikilizaji huona chuma kizito, mnyororo na chombo kilichotulia. Likitajwa Kamachumu, wilayani Muleba, au katika vijiji vilivyo kando ya mji wa Bukoba, huonekana kipande cha mti kilichochongwa na nyuzi zilizotandikwa juu yake. Maneno haya hayana udugu. La pwani limetoka Kiajemi. La Kagera ni la Kibantu, na Wahaya wenyewe husema enanga. Majirani zao wa Rwanda na Burundi wana inanga ya namna hiyohiyo, ilhali Waganda wameliweka jina hilo kwenye ala nyingine kabisa, yenye shingo iliyopinda kama upinde. Msomaji wa pwani anayetaka kuzielewa tendi za Wahaya hana budi kuanza na mti huo, si na maneno.

Historia ya uhakiki wa tendi hizi inajulikana. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake mashuhuri kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kama utendi ni utanzu uliomea barani humu. Aliyemjibu kwa ushahidi wa Kagera ni M. M. Mulokozi, kwanza kwa makala ya mwaka 1983, kisha kwa tasnifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986, na hatimaye kwa kitabu cha mwaka 2002 kilichotolewa na Mkuki na Nyota. Huyu ndiye mhariri wa Tenzi Tatu za Kale (1999), kwa hiyo alikuwa na masikio ya pande zote mbili, ya Lamu na ya Bukoba. Hoja yake kwamba manju wa nanga ni watunzi wa tendi kwa maana kamili ya neno hilo imesimama, na haielekei kuangushwa.

Lakini ushindi huo una gharama yake. Ili utendi uthibitishwe mbele ya wataalamu ulilazimika kuwa maandishi, na ulipokuwa maandishi uliiacha ala nje ya mlango. Kwa utendi wa Kiswahili hasara hiyo si kubwa sana. Mizani nane za kila kipande na kina kinachofunga ubeti vimo ndani ya maneno yenyewe. Anayeusoma kimyakimya bado anahesabu. Utendi wa Kihaya hauhesabu mizani wala haufungwi na vina. Mstari hukatika pale pumzi ya manju na mzunguko wa nyuzi vinapokutana. Manju huimba, kisha huacha kuimba akaghani kwa kasi, kisha hurejea kwenye wimbo, na nyuzi ndizo zinazomshika asipotee. Aidha, Kihaya ni lugha ya toni, jambo ambalo Kiswahili hakina: sauti ikipanda mahali isipostahili, neno laweza kugeuka. Wimbo na usemi vinavutana kila wakati, na ala iko katikati yao. Ukurasa uliochapwa hauonyeshi mvutano huo hata kidogo. Msomaji huona mistari mirefu na mifupi isiyo na sababu, akadhani mtunzi hakuwa na nidhamu.

Ndiyo maana suala la ufundi wa kuchonga nanga ni suala la ushairi. Nanga huchongwa kutoka gogo moja, bila kiungo, ikawa na umbo la chano kirefu chenye kina kifupi. Ncha zake mbili zina mapengo, na kwa kawaida uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huko juu ya uwazi mpaka zikapatikana nyuzi saba au nane. Hapana vigingi kama vya udi au kanuni. Ukikaza sehemu moja, jirani yake huguswa. Kwa hiyo fundi na mpigaji hawarekebishi sauti moja, hurekebisha ukoo mzima wa sauti. Nyuzi za kale zilikuwa za kano za ng'ombe. Nailoni imechukua nafasi hiyo katika eneo zima la maziwa makuu, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi na haiogopi unyevu. Nailoni hulia kwa wepesi na usafi, bali ule mkwaruzo mzito wa kano, uliokuwa ukikaa chini ya sauti ya mwanamume anayeghani kama mtu wa pili anayeitikia, hupungua.

Inafaa kulinganisha na ala ya mbali. Gitaa la besi la Fender liitwalo Precision lilitoka Marekani mwaka 1951, na jina hilo lilisifu usahihi: vipande vya chuma shingoni vilimwonyesha mpigaji mahali hasa pa kila sauti. Mafundi wa leo wanaotaka kuunda besi mpya kwa mfano wa ile ya zamani wana pa kushika. Urefu wa uzi unaopigwa ni inchi 34, na vipimo vingine vimeandikwa. Wakikosea ni kwa uzembe. Fundi wa Bukoba au Muleba akitaka kuunda nanga mpya kwa mfano wa nanga ya babu yake hana karatasi ya namna hiyo. Anao mti wenyewe, kama haujaliwa na mchwa, na anayo koo ya mwimbaji. Nanga ya mtu mwenye sauti nzito haimfai mwenye sauti ya juu. Kwa hiyo kunakili urefu, upana na idadi ya nyuzi si kunakili nanga. Anayefanya hivyo huchonga pambo la ukutani, nalo linaweza kuwa zuri sana.

Wapo watakaosema kwamba wakati umeshaamua. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliifanya nchi nzima iimbe Kihaya bila kukijua, kwa albamu ya Maria Salome. Na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo huo kwa jina la Salome, ukafika mbali zaidi. Hilo ni jambo la fahari, na si haki kulidharau. Hata hivyo, kilichosafiri ni kiitikio na mdundo. Habari za Mugasha, mungu wa ziwa na dhoruba, au za watawala wa Kianja na Ihangiro, haziwezi kupita katika mlango wa dakika nne. Zinahitaji mtu aliyeketi, usiku mrefu, wasikilizaji wanaojua ukoo gani unasifiwa na upi unachomwa, na ala inayoweza kurudia jambo lilelile kwa saa nzima bila kuchosha. Uwezo huu wa mwisho ni sifa ya kisanaa isiyo ndogo, na hakuna kitabu cha uhakiki kilichoupa nafasi inayostahili.

Pwani ilimpata mtu mmoja aliyeyaunganisha mambo haya. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyenakili hati za tendi kwa mkono wake, alikuwa pia mchongaji wa mbao na mwanamuziki. Kwake kalamu na patasi hazikuwa kazi za watu wawili. Uhakiki wa tendi za Kagera bado umegawa kazi hizo: mwanachuo ana matini, fundi ana gogo, na hawakutani.

Njia ya kuwakutanisha ipo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi ala na nyimbo, na Wahaya walikuwa miongoni mwao. Sauti hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Toleo jipya la utendi wa nanga lingepaswa kuambatana na sauti, na kila mstari uliochapwa ukatwe pale uzi unapozunguka, si pale ukingo wa karatasi unapofika. Na fundi naye asikilize kabla ya kushika patasi, akiwa na mwimbaji pembeni, akaze uzi wa chini kabisa kwanza, aghani naye mistari michache, ndipo aukate mti.