Mafundi wa Kutambua Viwanja vya Ndege vya Wakati wa Vita

Wape picha iliyofifia ya ndege ya kivita ya Marekani, Uingereza, 1944, nyuma haina hata jina la kiwanja. Sisi tutaikodolea macho ndege. Wao wanatazama kilicho nyuma yake: paa la banda, mnara wa kanisa unaochungulia juu ya miti.

Kazi si nyepesi. Viwanja vingi vya ndege vya wakati ule vilifuata ramani moja: njia tatu za kurukia ndege zilizokatana mfano wa herufi A, kuu yadi 2,000, nyingine yadi 1,400. Basi fundi hupima njia kuu imeelekea wapi, huhesabu maegesho (yako ya mviringo kama kikaango, yako ya jozi kama miwani), kisha hulinganisha na picha za angani. Akibahatika, ataziona herufi mbili kubwa za kutambulisha kiwanja karibu na mnara wa kuongozea ndege. DX? Ni Duxford, kesi imekwisha.

Ninachowapongezea zaidi ni ukaidi wao: ushahidi usipotosha, hawabahatishi jina. Na ushahidi wenyewe unapungua, maana zege la njia nyingi lilishavunjwa likawa kifusi cha kujengea barabara.