Mnara na Baraza: Uhakiki wa Shindano la Chicago la Mwaka 1922

Mnara ni neno la mbali, na baraza ni neno la karibu. Msikiti hujengewa mnara ili sauti ya mwadhini iwafikie wasioonekana. Pwani huwekwa mnara ili baharia aione taa kabla hajaiona nchi. Baraza ni kinyume chake. Ni kiti cha jiwe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje ya mlango, hata mwenye nyumba hawezi kusema kuwa ni chake peke yake, wala mpita njia hawezi kusema kuwa si chake. Wajenzi wa zamani wa Lamu, Mombasa na Unguja walivijua vitu hivi viwili, na kila kimoja walikipa mahali pake. Miji yetu ya leo imeshika njia ya kwenda juu, na katika safari hiyo yaelekea imeuchukua mnara na kuliacha baraza. Mwanafunzi wa fasihi amezoea kulipima shairi kwa umbo lake na kwa faida yake kwa msikilizaji. Si kazi bure kwake kulipima kwa mizani hiyo hiyo shindano moja la usanifu wa majengo, ambalo lilifanyika mbali na kwetu, lakini maswali yake yamekwisha kufika mlangoni petu.

Chicago, katika Marekani, ulikuwa mji uliokua kwa haraka ya ajabu. Moto wa mwaka 1871 uliuteketeza moyo wake, na katika miaka iliyofuata wajenzi wake walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuyapa majumba marefu mifupa ya chuma badala ya kuyategemeza juu ya kuta nene. Tarehe 10 Juni 1922 gazeti la Chicago Tribune lilitimiza miaka 75, likatangaza shindano la kupata mchoro wa makao yake mapya. Shabaha ilikuwa fupi na ya fahari: jengo lipite kwa uzuri na upekee majengo yote ya ofisi duniani. Zilitengwa dola 100,000. Mshindi wa kwanza alikuwa apate 50,000, wa pili 20,000, wa tatu 10,000, na zilizobaki wagawiwe wasanifu kumi wa Marekani walioalikwa, kila mmoja 2,000. Michoro zaidi ya 260 ilifika kutoka nchi 23.

Tuzo ya kwanza walipewa John Mead Howells na Raymond Hood. Mnara wao, uliokamilika mwaka 1925, una ghorofa 36 na kimo cha kiasi cha mita 141. Kiwiliwili chake ni jengo la ofisi la siku zake. Kichwani umevikwa taji la mawe lenye mihimili iliyochomoza kama mbavu, kwa kuiga mnara wa kanisa kuu la Rouen katika Ufaransa. Tuzo ya pili ilikwenda kwa Eliel Saarinen wa Finland, ambaye mchoro wake ulifika siku za mwisho kabisa. Jengo lake halikuvaa taji. Lilikuwa lote mwinuko mmoja, likipungua unene hatua kwa hatua, mistari ya kuta ikipanda bila ya kukatwa, hata mtazamaji asijue ni wapi jumba lilipokwisha na mnara ukaanza. Walter Gropius na Adolf Meyer wa Ujerumani walileta mchoro ulioonyesha mifupa ya jengo bila ya mavazi. Adolf Loos wa Vienna alileta nguzo moja kubwa ya Kigiriki, yenye kukaliwa na watu ndani, ambayo haikubeba kitu. Wako walioiona nguzo hiyo kuwa mzaha. Kwa maoni yangu, Loos alilisoma swali vizuri kuliko wenziwe: mwenye shindano alitaka sifa, naye akampa sifa tupu, isiyosingizia kazi nyingine.

Hukumu ya waamuzi haikupita kimya. Louis Sullivan, mzee wa wasanifu wa Chicago, aliandika katika jarida la Architectural Record mwezi wa Februari 1923 kuwa tuzo zimepinduliwa: wa pili ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza, na mchoro ulioshinda ulitokana na mawazo yanayokufa. Sullivan alifariki mwaka uliofuata, asiuone mnara umekwisha. Lakini wakati ulimpa haki kwa namna yake. Mchoro wa Saarinen haukujengwa, na hata hivyo ulizaa. Jumba la Gulf katika mji wa Houston, la mwaka 1929, ni mtoto wake dhahiri, na wahakiki wengi wameona athari yake katika minara ya miaka ile. Saarinen mwenyewe alihamia Marekani mwaka 1923, akawa mwalimu wa wasanifu.

Jambo hili halitamshangaza mtu aliyesoma historia ya ushairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipolumbana na washairi wa Lamu katika mwanzo wa karne ya 19, hapakuwa na hazina ya kutoa zawadi wala meza ya waamuzi. Mshairi alitupa neno, mwenziwe akajibu, na waliosikia wakapima kwa ujuzi wao wa vina, mizani na maana. Mtu aliweza kushindwa vita na beti zake zikaishi. Shindano la kweli, basi, ni uhakiki unaofanywa kwa matendo: swali moja linatolewa hadharani, majibu mengi yanawekwa pamoja, na kila jibu linafichua upungufu wa jingine. Taji la Howells na Hood lingaliweza kuonekana kuwa kitu cha lazima kama lisingalisimama kando ya mchoro usio na taji. Huu ndio wema mkubwa wa shindano la Chicago, na kwa ajili yake tunaweza kusamehe mengi.

Lakini si yote. Kosa la kwanza lilikuwa la waamuzi. Walikuwa watano, wanne walitoka katika kampuni ya gazeti lenyewe, na mmoja tu, Alfred Granger, alikuwa msanifu. Ni kama bwana arusi kuwaalika malenga wamsifu, kisha akakaa na jamaa zake kuamua ni nani aliyemsifu sawasawa. Mji ambao kivuli cha mnara kingeuangukia haukuwa na kiti katika baraza hilo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo lilikuwa katika swali. Swali liliulizwa kwa mtu atakayetazama kutoka mbali. Liliomba uzuri na upekee, na vitu hivi viwili, vikiwa peke yake, hupanda vyenyewe kileleni. Ndiyo maana ubishi uliofuata, hata ubishi wa mwenye akili kama Sullivan, ulishughulika zaidi na namna jengo linavyokwenda mbinguni kuliko namna linavyokutana na barabara. Taji au pasipo taji. Mavazi au mifupa. Mfagizi wa njia, mwuza magazeti, karani anayengoja mvua ipite, hawa walikuwa chini ya mabishano yote.

Haki itendeke, hata hivyo. Katika kuta za chini za mnara ule mpita njia hukuta vipande vya mawe kutoka majengo mashuhuri ya dunia, hata piramidi kuu ya Misri na Taj Mahal. Watu husimama, husoma majina, huyagusa. Wazo hilo lilikuwa la mwenye gazeti, Robert McCormick, aliyewaagiza waandishi wake wamletee mawe kutoka safarini. Halikuwa tunda la shindano. Tunaweza kuuliza kama ilikuwa adabu kulipamba jumba kwa mifupa ya majumba ya watu. Hata hivyo ni sehemu ambayo mwenye miguu anaweza kuifikia, na inatufundisha kuwa hata mnara wa majivuno hupendwa kwa kile unachompa mtu katika kimo cha mkono wake. Gazeti lenyewe lilihama mwaka 2018, na jumba likageuzwa kuwa makao ya watu. Mwenye mnara huondoka, mtaa hubaki.

Kuna mfano wa swali lililoulizwa vizuri zaidi. Mji wa Toronto, katika Kanada, ulipotaka jumba jipya la halmashauri yake, ulitangaza shindano la jumba pamoja na uwanja wa umma mbele yake. Michoro zaidi ya 500 ililetwa, na Viljo Revell wa Finland akashinda kwa minara miwili iliyopinda, inayokumbatia ukumbi wa mikutano kati yake. Alifariki mwaka 1964, na jumba likafunguliwa mwaka 1965. Minara ile ni ya kutazamwa, lakini uwanja ni wa kutumiwa, na wenyeji wameutumia tangu siku hiyo. Uwanja huo haukutokana na ukarimu wa msanifu peke yake. Ulikuwa umekwisha kuandikwa ndani ya swali.

Turejee kwetu. Jumba la mikutano la Kenyatta la Nairobi, lililokamilika mwaka 1973 kwa kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, lina ghorofa 28, na lina uwanja chini yake. Ndiyo maana ni alama ya mji na si kimo tu. Beda Amuli alilijengea soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, paa la miavuli ya zege iliyoelekezwa juu ili kukinga mvua. Jengo hilo halikuwa refu, lakini lilijua ni nani atakayesimama chini yake, na moto wa Julai 2021 uliwaumiza wengi wasiokuwa na duka humo. Mifano hii yatosha kutuonyesha kuwa elimu ya baraza haikutupotea.

Kinachotupotea ni mazungumzo. Mwaka 2017 ulizinduliwa Nairobi, katika Upper Hill, ujenzi wa mnara uliokusudiwa kupita mita 300, kisha ukakwama. Mwaka 2022 ulitangazwa mnara wa ghorofa 28 wenye mbao nyingi, wa kujengwa Fumba, Unguja. Sina neno juu ya uzuri wa michoro hiyo. Na mbao badala ya saruji tupu ni wazo la kufikiriwa. Neno langu ni juu ya desturi. Aghalabu mwananchi huletewa picha moja, yenye anga la buluu na miti iliyokwisha kukua, naye huitwa kushangilia. Hana picha ya pili ya kulinganisha, na pasipo kulinganisha hapana uhakiki. Pana makofi tu.

Wala jambo hili si la macho peke yake. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Shindano la michoro halizuii saruji mbovu wala halichukui nafasi ya mkaguzi. Lakini mji uliozoea kuuliza hadharani jengo hili ni la nani, litasimama juu ya nini na litampa nini jirani yake, hauwi mwepesi wa kunyamaza msingi unapochimbwa vibaya.

Yamkini nitajibiwa kuwa mashindano ni ghali, na kuwa wasanifu wengi hufanya kazi bure ili mmoja alipwe. Ni kweli, katika Chicago zaidi ya 240 hawakupata hata senti. Dawa yake ni kuwalipa wachache wanaofika daraja ya mwisho, na dawa hiyo ni nafuu kuliko mnara uliokwama. Yamkini pia nitaambiwa kuwa ardhi ya mjini ni haba, na lazima twende juu. Sipingi. Mwenye kupinga ghorofa anawataka maskini waishi mbali zaidi na kazi zao. Naomba tu kwamba swali lianze chini: waamuzi wawemo wakazi wa mtaa pamoja na mafundi, na kila mchoro uonyeshe kwanza kivuli, njia ya miguu, maji ya mvua na mahali pa kukaa, ndipo uonyeshe kilele. Katika ushairi hatumwulizi malenga jinsi ubeti wa mwisho ulivyo mrefu. Twamwuliza kama wa kwanza umetukaribisha.