Kasoro ya "Ushindani wa Kienyeji"

Mfasiri wa elimu ya wadudu hukabiliwa na mtihani afikapo kwenye nadharia ya uwiano wa jinsi iliyotolewa na W. D. Hamilton mwaka 1967. Akifasiri jina lake neno kwa neno, atapata "ushindani wa kienyeji wa wapenzi". Kila neno limo kamusini, lakini istilahi haina uhai. "Kienyeji" humkumbusha msomaji kuku asiye wa kisasa. "Wapenzi" ni watu wapendanao.

Hatuna budi kuitazama dhana kabla ya neno. Nyigu mdogo aitwaye Nasonia vitripennis hutaga juu ya inzi ambaye hajakomaa, angali ndani ya ganda lake. Yai lililorutubishwa huwa jike. Lisilorutubishwa huwa dume. Mama huhifadhi mbegu za kiume mwilini, naye huzitoa au kuzizuia atagapo. Madume hawawezi kuruka, hivyo hujamiiana papo hapo watokeapo. Ikiwa ametaga mama mmoja tu, wanaoshindana ni ndugu, na majike wanaowania ni dada zao. Wana wa kiume wakizidi ni hasara, kwa hiyo mama huzaa wachache. Mama wa pili akitaga hapo hapo huongeza madume, maana sasa wanashindana na wana wa mwingine. Kwa hesabu ya Hamilton, mama wawili wakitaga pamoja, madume wanafaa kuwa robo ya watoto. Mama wakiwa wengi, idadi hukaribia nusu.

Ni dhahiri basi kwamba kiini cha nadharia ni undugu. Twapendekeza "ushindani wa ndugu madume". Huenda mtu akapinga kuwa mama wakiwa wengi, madume si ndugu wote. Ni kweli, lakini nadharia hupima hasa jinsi undugu huo unavyopungua.

"Mkakati wa uzazi" nao una walakini. Mkakati hupangwa kwa makusudi, ilhali nyigu hakai kikao. "Mwenendo wa uzazi" unatosha.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Mwaka 1993 nyigu Cotesia flavipes waliachiliwa katika pwani ya Kenya ili kupunguza viwavi wa Chilo partellus, watoboao mabua ya mahindi. Madume wa nyigu hao hawadungi kiwavi. Kazi hiyo ni ya majike peke yao. Bwana shamba aliyesoma habari za "wapenzi wa kienyeji" hatakumbuka kuuliza ni majike wangapi waliomo katika kila kundi linalofugwa. Aliyesoma habari za ndugu wanaoshindana atauliza, na atajua pia kwa nini mama wengi hawafai kusongamana juu ya viwavi wachache.