VTS imebana mwendo, nafasi kati ya magari bado ni ya dereva

Zamani dereva wa basi akishuka Barabara ya Morogoro alisaidiwa na wenzake: aliyetoka mbele akimmulikia taa, alijua kuna tochi ya trafiki. Alipunguza mwendo, akapita kwa adabu, kisha akakanyaga mafuta. VTS, mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi, iliwekwa kuumaliza mchezo huo. Mfumo huu ulianza mwaka 2017 enzi za SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, ukarithiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Kifaa kilichofungwa ndani ya basi hupokea ishara za satelaiti, hukokotoa gari liko wapi na lina kasi gani, kisha hutuma taarifa kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta za mamlaka. Dereva akizidisha kilomita 80 kwa saa, king'ora hulia, abiria wanasikia, na kumbukumbu inabaki. Baadaye ikaja i-button, kitufe ambacho dereva hukigusisha kwenye kifaa ili ijulikane nani ameshika usukani. Mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku Oktoba 2023, ufuatiliaji wa aina hii ulikuwa tayari upo.

Kwa upande wa mwendo, kazi imefanyika. Lakini VTS haioni basi limemkaribia nani. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona hatari na kufikisha mguu kwenye breki, mita 33 zimekwisha. Kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima, zinahitajika nyingine 40 hivi. Kwa kilomita 50, mwendo wa kwenye makazi, jumla yote ni kama mita 37, yaani nusu tu. Kwa hiyo basi linaweza kutii VTS kwa asilimia mia, na bado likawa limeng'ang'ania mkia wa lori.

Dawa yake haina gharama. Chagua nguzo au kibao mbele. Gari lililo mbele yako likikipita, anza kuhesabu: mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Ukifika kabla hujamaliza, umesogea mno. Mvua ikinyesha, hesabu hadi mia na sita.

Kwa dereva wa lori wa Mbwawa, Kibaha, hatari kubwa iko pale anapotoka njia ya vumbi kuingia lami. Fuso lililopakia mchanga huchelewa kushika mwendo. Likitumia sekunde 8 kumaliza kuingia, basi lililo kwenye kilomita 80 limeshakata karibu mita 180. Ukiliona basi kwa mbali usijidanganye kwamba bado. Simama kabisa, acha lipite. Na kabla ya kuingia lami, shuka na utingo mkague tairi pacha za nyuma: jiwe lililonasa katikati yake likichomoka kwenye mwendo huenda moja kwa moja kwenye kioo cha gari la nyuma.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kutatuliwa na kifaa wala na dereva peke yake, nalo ni hesabu ya bosi, yaani fedha ambayo dereva hutakiwa kumpelekea mwenye gari kila siku. Dereva aliyepangiwa fedha ya kutwa ambayo haifikiki kwa mwendo halali atafidia kwa kuovateki vibaya, kwa kuruka mapumziko na kwa kuendesha akisinzia. Hapo anayekanyaga mafuta ni mwenye gari, ingawa faini inaandikwa jina la dereva.

Mwenye gari, kaa na dereva wako. Pangeni kwanza safari ngapi zinawezekana kwa siku, mapumziko yakiwemo na sheria ikiheshimiwa, ndipo kiwango cha hesabu kitoke hapo.