Giza Likiandikwa Upya

Ukipata toleo jipya la mchezo uliokuwa ukiupenda zamani, usianze na picha. Picha zimechorwa zikupendeze. Fungua orodha ya bei. Wenzangu wa Ipuli ninaocheza nao kila Jumamosi jioni wameshanizoea: kabla sijasoma habari za wafalme na mazimwi, nataka kujua maji yanapatikanaje, chakula cha siku moja ni kiasi gani, na kisu kimetengenezwa kwa kitu gani. Giza la kweli huonekana sokoni kwanza.

Kwa asiyeijua michezo hii: huchezwa mezani, kwa mdomo, kalamu na dadu. Mmoja ni mwendesha mchezo, na ndiye anayebeba ulimwengu mzima, mvua yake, walinzi wake na maadui wake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, humsemea na kumwamulia. Panapo shaka, dadu hurushwa. Meza yetu ina seti moja ya dadu kwa watu watano, majeraha tunayahesabu kwa kete za bao, na matobolwa na karanga havikosekani. Ulimwengu wenyewe huandikwa vitabuni, na vitabu huzeeka. Hapo ndipo wapenzi wanapoanza kukosa usingizi: waandishi wakiliandika upya giza tulilolipenda, litabaki kuwa giza?

Mfano unaotajwa mno ni Dark Sun, ulimwengu wa mchezo wa Dungeons and Dragons au D&D uliotoka mwaka 1991. Nchi inaitwa Athas. Jua limeikausha, uchawi umenyonya uhai wa mimea hadi udongo ukawa majivu, miji imeshikwa na wafalme wachawi, na utumwa uko kila mtaa. Sasa tazama bei. Waandishi wale walichukua orodha ya kawaida ya D&D, wakaacha vitu vya chuma kwenye bei yake ya zamani, na kila kisicho cha chuma wakakishusha hadi sehemu moja ya mia. Pesa ikawa vipande vya kauri. Kwa hesabu hiyo moja, msomaji anaelewa kwa nini watu wa Athas wanapigana kwa mifupa na mawe, na kwa nini mtu anaweza kuuawa kwa sababu ya panga. Hakuna aya hata moja iliyomwambia kwamba hali ni ngumu. Ndiyo kazi nzuri hiyo.

Mwaka 2023 mmoja wa wakuu wa D&D alisema hadharani kwamba Dark Sun ina matatizo mengi, na ndiyo sababu hawakuwa wameirudia. Miaka miwili kabla yake, wachapishaji wa mchezo mwingine, Pathfinder, walikuwa wametangaza kwamba hawataandika tena habari za utumwa katika vitabu vyao. Wapenzi wakagawanyika. Kuna wanaoogopa ulimwengu wao utarudi umeoshwa kwa sabuni hadi usinuke chochote. Na kuna wanaosema yale ya zamani yaliwaumiza, kwa kuwa watu wa aina yao walikuwa mapambo ya ukatili wa wengine. Mimi naona pande zote mbili zina haki, na nilijifunza hivyo mezani kwangu.

Sisi tunaishi Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara. Bagamoyo iko upande mmoja, Ujiji upande mwingine, na Unyanyembe, hapa kwetu, katikati, mahali wapagazi walipotua mizigo na kupokewa na wengine. Kwa hiyo niliandika ulimwengu wa nyumbani. Nikauweka mwaka 1871, wakati mtemi Mirambo alipokuwa vitani na Waarabu wa Tabora na njia ya kwenda Ujiji imefungwa, na msafiri Stanley amejifungia Kwihara na bunduki zake. Nilijivunia utafiti wangu. Merikani, kaniki, shanga, masango, kila kitu kilikuwa na bei.

Usiku wa kwanza wachezaji wakakutana na msafara unaotoka magharibi. Nikasoma nilichoandika: pembe za ndovu kadhaa, mateka arobaini wamefungwa kongwa, mnyapara mkali, na mbwa wa mnyapara. Mmoja wetu, ambaye ukoo wake ulifika Tabora kutoka Manyema, na si kwa hiari, aliweka dadu chini.

"Kaka, huyu wa katikati anaitwa nani?"

"Nani wa katikati?"

"Kwenye kongwa. Katikati ya hao arobaini."

Nikamwambia sijampa jina bado. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbwa umempa."

Ni kweli, mbwa alikuwa na jina. Hatukuendelea usiku ule. Tangu hapo, nikishika toleo jipya la ulimwengu wowote wenye mateka, baada ya bei naenda moja kwa moja kwao. Nahesabu majina. Natafuta kama kuna hata mmoja anayetaka kitu kisichokuwa kuokolewa na mashujaa: anayedai deni, anayemtafuta ndugu yake, anayejua lugha tatu na anazitumia kumdanganya mnyapara. Toleo la zamani likiwa na watumwa elfu wasio na majina, na toleo jipya likawaondoa wote elfu, bado majina ni sifuri. Tofauti yake na toleo la kwanza ni ndogo kuliko waandishi wake wanavyodhani.

Kosa langu la pili lilikuwa la kihistoria, na nimeliona katika vitabu vingi kuhusu nchi hii, vya michezo na visivyo vya michezo. Niliwachanganya wapagazi na watumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walijadiliana posho, walikuwa na viongozi wao, na malipo yakiharibika walitua mizigo na kuondoka. Mzigo wa kilo 30 begani ni shida, lakini ni shida nyingine kabisa na kongwa shingoni. Ulimwengu ukipaka rangi moja nyeusi kila kitu, usidhani una giza sana. Mwandishi hakutazama, basi. Toleo jipya lililo bora hutenganisha vivuli: nani analipwa, nani ameuzwa, nani ni mpiganaji wa rugaruga aliyejiunga kwa njaa, nani mtemi anayetoza hongo kwa sababu msafara umepita kwenye mashamba ya watu wake.

Neno hongo nalipenda kwa kazi hii. Zamani lilikuwa ushuru wa njia, ukijadiliwa siku nzima na pengine zaidi, kwa doti za nguo na maneno mengi. Leo ni rushwa. Mchezaji kijana akisikia "mtemi anataka hongo" tayari amemhukumu mtemi. Mwandishi anayehuisha ulimwengu wa kale lazima aujue mtego huo na autegue ndani ya mchezo, pengine kwa kumkalisha mchezaji upande wa mtemi, jioni moja, ahesabu yeye mtama uliokanyagwa.

Hapa nifike kwenye kipimo ninachokiamini kuliko vyote: je, giza limo kwenye kanuni, au limo kwenye maneno tu? Maneno ya kutisha hayana gharama, yeyote anaweza kuyaandika. Katika Dark Sun ya 1991 mchawi aliyechagua kuangamiza ardhi alipanda ngazi haraka kuliko mwenzake aliyeihifadhi. Kishawishi kilikuwa ndani ya hesabu. Toleo la 2010 lilifanya kitu ambacho hadi leo nakisifu. Lilimruhusu mchawi kurudia dadu yake kwa kunyonya uhai ulio karibu, na walioumia walikuwa wenzake, wachezaji waliokaa naye. Bei ikahama kutoka kwenye mimea ya kitabuni ikaja kwa rafiki yako anayekutazama usoni. Utaratibu ule ulikuwa mpya kabisa, lakini moyo wa mchezo ulikuwa uleule wa zamani, na ulipiga kwa nguvu zaidi.

Nami nilijaribu hivyo kwa terekeza. Wasafiri wa njia hii waliita terekeza mwendo wa alasiri: mnakula mchana, mnachota maji, mnatembea hadi usiku, mnalala pasipo kisima, na alfajiri mnakimbilia maji yaliyo mbele. Kwetu mezani kila mhusika ana vibuyu viwili, na vibuyu ni kete nne. Kila mwendo unakula kete moja. Mgonjwa anakula mbili. Sikuandika neno "ukatili" mahali popote, ila ilipofika kete ya mwisho na wagonjwa ni wawili, meza yote ilinyamaza.

Kuhusu wakati, jihadhari na toleo linalomaliza vita kabla hujafika. Dark Sun ilifanyiwa marekebisho mwaka 1995 kufuata riwaya zake, na ndani ya riwaya hizo mashujaa wa mwandishi walikuwa wameshawaua wafalme wachawi kadhaa. Mchezaji akakaribishwa kwenye karamu, vyombo vimeshaoshwa. Toleo la 2010 likarudisha saa nyuma, hadi mji mmoja tu, Tyr, umekombolewa juzi na haujui ufanye nini na uhuru wake. Mahali pa kuanzia hapo ni pazuri mno.

Ravenloft ya 2021, ulimwengu mwingine wa Dungeons and Dragons, iligusa watu kwa namna nyingine. Falkovnia, iliyokuwa nchi ya dikteta Vlad Drakov, ikapewa Vladeska Drakov na jeshi la wafu linalorudi tena na tena kuizingira. Wapo waliolalamika kwamba wamepokonywa mtu wao. Mimi nauliza kama bado naogopa kulala Falkovnia, na jibu ni ndiyo. Kitabu hicho pia kinamfundisha mwendesha mchezo kukubaliana na wenzake mapema ni mambo gani hayatachezwa. Wengine wakaita hilo kulegea. Meza yetu iliweka mipaka baada ya usiku wa kongwa: mawili hayatajwi kabisa, moja hupita nyuma ya pazia. Tangu hapo tumekwenda mbali kuliko mwanzo, kwa sababu hakuna anayecheza akijilinda.

Mipaka ya namna hiyo ilikosekana kwenye kitabu kimoja cha mchezo wa Vampire cha mwaka 2018, kilichochukua mateso ya mashoga wa Chechnya, watu walio hai na wanaoteswa kweli, kikayafanya kuwa njama ya wanyonya damu. Sura ile iliondolewa na radhi ikaombwa. Mnunuzi makini angeiona bila kuambiwa: maumivu yana mwenyewe, na mwenyewe hakuulizwa.

Nirudi mezani kwetu. Jumamosi iliyofuata usiku ule wa kongwa, yule rafiki aliyeuliza jina alikuja na karatasi yake mwenyewe. Aliniomba tuanze palepale, msafara uleule, ila yeye sasa acheze huyo wa katikati. Alikuwa ameshaandika jina lake, na mto uliopita karibu na kijiji chao, na kazi aliyokuwa akiifanya: mfua chuma. Chini kabisa, palipoandikwa vitu anavyomiliki, aliacha mstari mtupu, kisha akaandika kwa herufi ndogo kwamba anajua jinsi kongwa linavyofungwa, maana pini zake alizifua yeye. Nikawagawia kete za maji. Akasukuma moja kwa jirani yake kabla sijaanza kusoma.